Mwenye Duka wa Boston Aliyeshtakiwa kwa Kuuza Ghali

Mwezi wa Novemba mwaka 1639, katika mji wa Boston huko Marekani, mwenye duka mmoja aliitwa mbele ya Baraza Kuu la koloni la Massachusetts kujibu mashtaka. Hakushtakiwa kwa wizi, wala kwa kupunja mizani, wala kwa kuuza mali mbovu. Alishtakiwa kwa sababu alipata faida kubwa kupita kiasi. Jina lake lilikuwa Robert Keayne, naye alikuwa mtu mzima wa miaka 44, tajiri, mshiriki wa kanisa, na mwenye cheo katika askari wa mji. Kesi yake ilimtia aibu ambayo hakuisahau mpaka kufa kwake.

Massachusetts ni jimbo lililo upande wa kaskazini-mashariki ya Marekani. Jina lake si geni kabisa katika Afrika Mashariki, maana kile kitambaa cha merikani kilichouzwa sana Unguja na bara katika karne ya 19 kilitoka huko, kikaletwa na merikebu za mji wa Salem ulio karibu na Boston. Walakini mambo ya Keayne yalitokea miaka 200 kabla ya hayo, wakati Boston ilipokuwa kijiji cha nyumba za mbao kando ya bahari.

Wazungu waliojenga kijiji hicho walikuwa Waingereza wa madhehebu ya Wapuritani. Watu hao waliona kwamba Kanisa la Uingereza lilikuwa halijajitakasa vya kutosha tangu lilipojitenga na Roma. Walichukia mavazi ya fahari ya makasisi na sala za kusoma kitabuni. Walitaka mahubiri marefu, kusoma Biblia nyumbani, na maisha ya kazi bila anasa. Mfalme Charles wa Kwanza na Askofu William Laud waliwabana, na wahubiri wao wengi wakafukuzwa kazi. Ndipo katika mwaka 1630 kundi kubwa likavuka bahari likiongozwa na mwanasheria John Winthrop, wakaanza makao mapya katika nchi ambayo wenyewe Wahindi Wekundu walikuwa wamekwisha kupungua sana kwa maradhi yaliyoletwa na wageni. Katika miaka kumi hivi iliyofuata watu wengine wapata 20,000 walivuka kwenda New England.

MTOTO WA MUUZA NYAMA

Keayne alizaliwa mwaka 1595 katika mji wa Windsor, Uingereza. Baba yake alikuwa muuza nyama. Alipokuwa na miaka kumi tu alipelekwa London akawekwa kwa bwana mmoja wa chama cha wafanya biashara ya nguo, awe mwanafunzi wake kwa muda wa miaka minane. Desturi ya siku zile ilikuwa kwamba mtoto kama huyo hukaa nyumbani kwa bwana wake, hula kwake, humtumikia bila mshahara, na mwisho hutoka akiwa fundi au mfanya biashara aliyeruhusiwa kufungua duka lake. Keayne alianza bila mali iliyostahili kutajwa. Hata hivyo mwaka 1615 akakubaliwa kuwa mwanachama kamili wa chama hicho, na mwaka 1617 akamwoa Anne Mansfield, ambaye dada yake alikuwa mke wa mhubiri John Wilson. Ujamaa huo ulikuwa na maana, kwa kuwa Wilson ndiye aliyekuja kuwa mchungaji wa kanisa la Boston.

Hata kabla ya kuhama Keayne alikuwa mtu wa dini ya kweli. Alikuwa na tabia ya kuandika mahubiri aliyoyasikia, na madaftari yake mengine yamehifadhiwa mpaka leo. Wataalamu wa historia huyatumia kujua wahubiri wa London na Boston walisema nini. Alipenda pia mambo ya askari, akajiunga na kikosi cha mizinga cha raia wa London.

Mwaka 1635 alipanda merikebu Defence pamoja na mkewe na mwanawe Benjamin, kijana wa miaka 16, wa pekee aliyekuwa hai kati ya watoto wake. Alichukua mali ya pauni 2,000 au 3,000, fedha nyingi sana kwa siku zile. Huko Boston akafungua duka karibu na uwanja wa soko, akawa analeta bidhaa kutoka Uingereza: nguo, uzi, vifungo, misumari, vyombo vya farasi, na vitu vingine ambavyo koloni halikuweza kuvitengeneza. Upesi akachaguliwa kuwa mjumbe wa mji katika Baraza Kuu. Mwaka 1638 alikuwa kiongozi wa kwanza wa kikosi cha mizinga kilichoanzishwa Boston kwa mfano wa kile cha London.

KWA NINI BEI ZILIPANDA

Ili kuelewa kesi yake yafaa kwanza kufahamu hali ya soko. Kila mwaka wakati wa joto merikebu zilileta mamia ya wageni wenye fedha mkononi, wasio na nyumba, shamba wala ng’ombe. Wote walitaka kununua kwa wakati mmoja. Wenye ng’ombe na nafaka walipandisha bei, mafundi seremala na waashi wakadai mshahara mkubwa, na bidhaa za ng’ambo zikawa haba, kwa sababu kila msumari ulipaswa kuvuka bahari kwa majuma mengi, na merikebu nyingine zikazama. Serikali ya koloni ilijaribu mara kwa mara kuweka mipaka ya mishahara na bei, lakini amri hizo zilikuwa ngumu kutimizwa, nyingine zikafutwa. Siku Keayne aliposhtakiwa hapakuwa na sheria iliyosema mwenye duka asipate faida zaidi ya kiasi fulani.

Mashtaka yalikuwa kwamba katika vitu vingine alipata zaidi ya peni 6 juu ya kila shilingi ya mtaji, yaani zaidi ya nusu, kwa kuwa shilingi ile ilikuwa na peni 12. Katika vingine zaidi ya peni 8. Na katika vitu vingine vidogo zaidi ya mara mbili ya alivyonunua. Watu wengi walijitokeza kulalamika. Mmoja alitaja hatamu ya farasi, mwingine uzi, mwingine vifungo vya dhahabu. Keayne alijibu baadaye kwamba vifungo hivyo vilimgharimu zaidi ya shilingi 2 dazeni kwa fedha taslimu London, naye aliviuza kwa shilingi 2 na peni 9, tena aliyevichukua hakuvilipa kamwe. Juu ya hatamu alisema aliiuza kwa shilingi 2, na miaka michache baadaye hatamu mbaya kuliko hiyo ziliuzwa kwa shilingi 3 wala hakuna aliyenung’unika.

Lililomuudhi kuliko yote ni habari ya misumari. Misumari ya Kiingereza iliitwa kwa majina ya fedha, kama “misumari ya peni 6” au “ya peni 8”. Asili yake ilikuwa bei ya misumari 100 ya ukubwa huo, ijapokuwa bei yenyewe ilikuwa imekwisha kubadilika. Kwa maelezo ya Keayne, mnunuzi mmoja alichukua misumari midogo kwa mkopo, akaona haimfai, akairudisha na kuchukua mikubwa zaidi, yenye bei ya juu. Katika daftari ya duka tarakimu ya kwanza ikafutwa na nyingine ikaandikwa juu yake. Walioiona daftari wakasema, “Tazameni, amegeuza hesabu!” Kila mwenye duka anayekopesha watu atatambua jinsi jambo dogo la namna hiyo linavyoweza kukua kuwa fitina.

HUKUMU

John Winthrop, ambaye wakati huo alikuwa Gavana, aliandika habari za kesi hiyo katika kumbukumbu zake, na maandishi yake yaonyesha kwamba mahakimu wenyewe walisita. Walisema hapana sheria inayoweka mpaka wa faida. Kuuza kwa bei ya juu ni desturi ya nchi zote. Na Keayne hakuwa peke yake, maana wenye ng’ombe, wenye nafaka na vibarua nao walikuwa na kosa lilo hilo. Lakini upande wa pili yalitajwa mambo yaliyomzidishia lawama: alikuwa Mkristo wa siku nyingi, mwenye akili na mali, tena mwenye mtoto mmoja tu wa kumlisha. Alikuwa amekwisha kuonywa na rafiki zake na wazee wa kanisa, akaahidi kujirekebisha. Zaidi ya hayo, koloni lilikuwa changa, na dunia nzima ilikuwa ikiwatazama watu waliosema kwamba wamehama kwa ajili ya dini.

Wajumbe waliochaguliwa na miji walitaka atozwe pauni 200. Mahakimu wakakubali 100 tu. Mwisho ikaamuliwa faini iwe pauni 200, lakini alipe nusu, na nusu nyingine ingojee Baraza lijalo. Baadaye ikapunguzwa mpaka pauni 80. Hata hizo zilikuwa nyingi: mwaka uliofuata ng’ombe mmoja aliweza kununuliwa kwa pauni 4 au 5.

Shauri halikuishia barazani. Kanisa la Boston nalo lilimwita aeleze mambo yake, na wengine walitaka atengwe kabisa na ushirika. Keayne alisimama mbele ya watu akalia machozi, akakiri kwamba moyo wake ulikuwa na tamaa. Akatoa udhuru pia, kwamba alipotoshwa na kanuni za biashara alizodhani kuwa halali. Kwa mfano, mtu akipata hasara katika bidhaa moja, aweza kuirudisha kwa kupandisha bei ya nyingine. Alionywa hadharani, hakutengwa, na baada ya miezi kadhaa akapokewa tena.

Siku ya mahubiri iliyofuata, mhubiri John Cotton alizichukua kanuni hizo moja moja akazikanusha. Si halali, alisema, mtu kununua kwa bei ndogo kabisa anayoweza na kuuza kwa bei kubwa kabisa anayoweza. Si halali kutumia ujinga au shida ya mwenzio kujipatia faida. Mtu aliyenunua vibaya kwa kukosa ujuzi hana haki ya kumtwika mnunuzi wake hasara hiyo, na mwenye mali iliyozama baharini auhesabu msiba huo kuwa wake mwenyewe uliotoka kwa Mungu. Haki ni kuuza kwa bei ya kawaida ya mahali na wakati ule, bei ambayo mtu mwenye kuijua thamani ya kitu angekubali kuilipa. Hata hivyo Cotton aliacha mlango mmoja wazi: bidhaa zenyewe zikiwa haba, bei yaweza kupanda. Mtu aweza kuuliza kama katika Boston ya mwaka 1639 kulikuwa na bidhaa yo yote ya ng’ambo isiyokuwa haba. Hapo ndipo fundisho hilo lilipokuwa gumu kutumika dukani.

Mambo yaligeuka upesi. Mwaka 1640 vita vya maneno kati ya Mfalme na Bunge la Uingereza vilikaribia kuwa vita vya silaha, Wapuritani wakaona heri kubaki kwao, na wageni wakakoma kuja. Soko la Boston likaanguka. Ng’ombe waliouzwa kwa pauni 20 ndio hao walioshuka mpaka pauni 4 au 5, na fedha ikawa haionekani. Keayne aliona kwamba walioshtaki duka lake walikuwa wenyewe wakiuza kwa bei za juu walipoweza, na jambo hilo lilimchoma moyo.

NGURUWE WA MAMA SHERMAN

Kesi ya pili ilikuwa ya nguruwe, na kwa ajabu ndiyo iliyoacha alama katika katiba ya nchi. Mwaka 1636 nguruwe jike aliyepotea aliletwa kwa Keayne. Akampeleka mpiga mbiu atangaze, akatangaza mara nyingi, mwenyewe asitokee karibu mwaka mzima. Keayne alikuwa na nguruwe wake pia, akamchinja mmoja. Baadaye mwanamke mmoja, mke wa Richard Sherman, akaja kutafuta nguruwe wake. Alipoonyeshwa yule aliyepotea akasema si wake. Ndipo akadai kwamba yule aliyechinjwa ndiye aliyekuwa wake.

Wazee wa kanisa walisikiliza, wakamwona Keayne hana hatia. Mahakama pia ikampa haki na pauni 3 za gharama. Keayne naye akamshtaki mwanamke huyo kwa kumharibia jina, akapewa pauni 20. Yapata kuaminika kwamba angekuwa mwenye busara zaidi kama angaliachia hapo, kwani mume wa mwanamke alikuwa Uingereza, na mji mzima ulimhurumia mnyonge aliyeandamwa na tajiri. Kijana mfanya biashara aitwaye George Story, mpangaji wa nyumba ile, ambaye alikuwa na chuki na Keayne, akalichukua shauri tena mpaka Baraza Kuu mwaka 1642.

Walisikiliza muda wa siku saba, juu ya nguruwe mmoja. Kura zilipohesabiwa, mahakimu 2 na wajumbe 15 walikuwa upande wa mwanamke. Mahakimu 7 na wajumbe 8 upande wa Keayne. Wajumbe 7 hawakuweza kuamua. Wakati ule mahakimu na wajumbe walikaa katika chumba kimoja, na kila kundi liliweza kulizuia lingine. Basi shauri likakwama. Watu wengi wakakasirika, wakauliza kwa nini mahakimu wachache wapate kuyapinga mapenzi ya wajumbe waliochaguliwa na miji. Mabishano yakaendelea karibu miaka miwili, na mwaka 1644 makundi hayo yakatenganishwa, kila moja likakaa na kupiga kura peke yake. Tangu hapo bunge la Massachusetts lina vyumba viwili, na mfumo huo ndio unaoonekana leo katika majimbo karibu yote ya Marekani.

WOSIA WA KURASA ZAIDI YA 150

Keayne alizidi kufanikiwa katika mali, si katika nyumba. Mwanawe Benjamin alimwoa binti wa Thomas Dudley, mmoja wa magavana. Ndoa ikavunjika kwa fedheha, na Benjamin akarudi Uingereza. Mwaka 1652 Keayne mwenyewe, ambaye alikuwa akisikiliza kesi ndogo ndogo, aliondolewa katika kazi hiyo kwa sababu ya ulevi.

Tarehe 1 Agosti 1653 alikaa mezani akaanza kuandika wosia wake kwa mkono wake. Ulipokwisha ulikuwa na kurasa zaidi ya 150, maneno yapata 50,000. Sehemu kubwa si ugawaji wa mali bali ni utetezi. Baada ya miaka 14 alirudia kesi yake bei kwa bei, akaorodhesha madaftari yake ya hesabu yote ili wasomaji wahakikishe wenyewe, akauliza ni haki gani kumtoza faini mtu asiyevunja sheria iliyoandikwa. Alikadiria mali yake kuwa pauni 4,000 hivi. Asomaye wosia huo humwona mtu aliyejaa uchungu, mwenye kujihesabia haki, na pengine mwenye kuchosha. Lakini pia humwona mtu aliyeogopa kwa kweli kufa akiitwa mdhalimu.

Hata hivyo hakuinyima Boston mali yake. Aliacha pauni 300 ijengwe nyumba ya mji: chini pawe mahali pa soko ambapo wakulima wangejikinga na mvua na theluji, na juu pawe na vyumba vya baraza, maktaba na ghala ya silaha. Alikipa pia pauni 100 chuo cha Harvard. Alifariki tarehe 23 Machi 1656. Watu wa mji waliongeza michango yao, na nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo ikamalizika mwaka 1658. Ilitumika zaidi ya miaka 50 mpaka ilipoungua mwaka 1711. Mahali pale pale pakajengwa nyumba ya matofali mwaka 1713, ambayo bado imesimama, na kutoka roshani yake tangazo la uhuru wa Marekani lilisomwa kwa watu wa Boston mwezi wa Julai mwaka 1776.

Lipo jambo moja ambalo hakuna aliyemshtaki Keayne kwa ajili yake, si barazani wala kanisani. Nyumbani mwake walikuwamo Waafrika watumwa. Sheria za Massachusetts za mwaka 1641 ziliruhusu utumwa kwa watu waliotekwa vitani au wageni waliouzwa, na mahubiri juu ya bei ya haki hayakuugusa. Mtumwa mmoja wa nyumba ile aliitwa Angola. Wengine waliitwa Richard na Grace, nao walikuwa na binti, Zipporah. Binti huyo alikua akiwa mtu huru, na katika mwaka 1670, miaka 14 baada ya kufa kwa Keayne, alinunua kwa jina lake mwenyewe nyumba na kiwanja upande wa kaskazini wa mji. Hati ya ununuzi wake ingalipo katika kumbukumbu za ardhi za Boston.